Gesi ya Chini ya Bahari na Njia Zake

Miji ya mwambao wa Mrima haikusitawi kwa rutuba ya ardhi yake peke yake, bali kwa njia zilizopita mbele yake. Tongoni, iliyo kusini ya mji wa Tanga kando ya barabara iendayo Pangani, ilikuwa na msikiti mkubwa wa mawe na makaburi yaliyojengwa kwa ufundi na taadhima, siku zile ambapo majahazi yaliyoshuka kwa kaskazi na kurudi kwa kusi yalikuwa yakitia nanga katika ghuba ya Mtangata. Na katika Aprili 1498 merikebu moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama katika mafungu yaliyo karibu na hapo, kisha ikachomwa moto Januari ya mwaka uliofuata, maana mabaharia waliosalimika na maradhi hawakutosha tena kuiendesha. Baadaye biashara ikashika njia nyingine, na mji ukabaki magofu. Naitaja tarihi hii kwa kuwa siku hizi iko bidhaa nyingine itokayo baharini, nayo ni gesi asilia, ambayo thamani yake imo katika njia kuliko bidhaa yoyote iliyopata kupita katika bandari zetu. Na mtu wa Tanga asiyejua gesi hiyo yatoka wapi, yapita wapi na yatolewa wapi, hawezi kuyakini kama njia hiyo itafika kwake au itampita ubavuni.

Gesi asilia ni hewa iwakayo, isiyo na rangi wala harufu, na sehemu yake kubwa ni methani. Asili yake ni mabaki ya viumbe na mimea yaliyozikwa katika matope ya zama za kale, yakafunikwa na tabaka juu ya tabaka, yakapikwa na joto la ardhini kwa mamilioni ya miaka. Wengi hudhani kwamba hukaa katika pango kubwa lililo tupu, lakini sivyo. Hukaa ndani ya vitundu vidogo mno vya jiwe la mchanga, kama maji yakaavyo ndani ya mchanga wa pwani, ambao mtoto akiufukua bahari inapokupwa huyaona maji yakichuruzika polepole na kujaa shimoni. Juu ya jiwe hilo sharti pawepo tabaka jingine lisilopenyeka, ama sivyo gesi ingekwisha kupanda na kupotea kabla hajazaliwa mtu wa kuitafuta. Huko Songo Songo, katika wilaya ya Kilwa, jiwe lenye gesi li karibu kilometa 2 chini ya ardhi, nalo ni la zama zilizofuata zile za dinosaria wa Tendaguru, ambao mifupa yao ilifukuliwa katika mkoa huo huo wa Lindi.

Utafutaji katika mwambao huu ulianza 1952, kampuni za BP na Shell zilipopewa ruhusa, nazo zikachimba visima Mafia, Unguja na Pemba zisipate cha kuuza. Ikaja AGIP ya Italia, na katika 1974 kisima chake cha Songo Songo kikatoa gesi. Mwaka 1982 kampuni hiyo hiyo ikapata gesi nyingine katika ghuba ya Mnazi, Mtwara. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla ulimwenguni tangu 1973, na nchi yetu, isiyo na kisima cha mafuta hata kimoja, ilikuwa katika dhiki kubwa ya fedha za kigeni. Kwa hiyo mtu angetazamia kwamba gesi ya Songo Songo itaharakishwa kama dawa ya mgonjwa mahututi. Haikuwa hivyo. AGIP ilikuwa ikitafuta mafuta, na ilipoona ni gesi tupu haikuona faida ya kuendelea. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, lililoundwa 1969, likachimba visima zaidi na kuthibitisha kwamba gesi ipo ya kutosha, kisha visima vikafungwa vali vikangoja. Tangu gesi kugunduliwa hata siku ilipofika Dar es Salaam ilipita miaka 30.

Sababu ya kungoja huko ndiyo siri ya biashara nzima ya gesi. Mafuta ghafi yaweza kutiwa katika tangi, yakapandishwa melini, yakauzwa kwa mnunuzi ambaye jana hakujulikana. Gesi haikubali hayo, kwa kuwa ni nyepesi na hutanda, na ikitoka kisimani haina pa kukaa. Sharti bomba liwe limekwisha jengwa, mnunuzi awe amesimama upande wa pili tangu siku ya kwanza, na mkataba wa bei uwe umetiwa saini kwa muda wa kutosha kulipa deni la bomba lenyewe, ambao aghlabu ni miaka 20 au zaidi. Pasipo mambo hayo matatu, gesi iliyopatikana ni habari ya magazetini tu.

Tanga wanao ushahidi wao wenyewe juu ya jambo hili. Mjini hapa palikuwa na kiwanda cha mbolea, Tanga Fertilizer Company, kilichoanza kazi 1972, ambacho malighafi yake ililetwa kwa meli kutoka ng'ambo, na mojawapo ilikuwa amonia. Sasa amonia, sehemu nyingi za dunia, hutengenezwa kwa gesi asilia. Basi ikawa kwamba taifa lilitoa fedha za kigeni, ambazo lilizipata kwa taabu kwa kuuza katani na kahawa, ili kununua ng'ambo kitu ambacho asili yake ilikuwa imelala Songo Songo, ufukoni mwa bahari ile ile. Katika miaka ya 1980 ulikuwapo mpango wa kujenga huko Kilwa kiwanda cha amonia na mbolea kwa jina la Kilamco, lakini haukutimia. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kiwanda cha Tanga nacho kikafungwa. Gesi ilikuwapo, kiwanda kilikuwapo, wakulima waliohitaji mbolea walikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kuviunganisha.

Njia ya kwanza ilipatikana kwa mradi wa Songas, na yafaa tuifuate gesi hatua kwa hatua ili tuone kazi iliyopo. Visima vya Songo Songo vingine vi kisiwani, vingine vi baharini penye maji machache. Gesi ikitoka huko chini haitoki kavu, bali huja na mvuke wa maji, na maji hayo ni adui wa bomba kwa namna mbili: hula chuma kwa kutu, na penye baridi na mgandamizo mkubwa hushikamana na gesi yakawa mabonge meupe kama barafu, yenye nguvu ya kuziba bomba lote. Ndiyo maana kisiwani pakajengwa mtambo wa kuisafisha na kuikausha. Njia itumikayo sana duniani katika mitambo ya namna hii ni kuipandisha gesi ndani ya mnara mrefu wa chuma, huku kimiminika kizito kiitwacho glaikoli kikiteremka kutoka juu. Vikikutana, glaikoli hunywa maji, gesi hutokea juu ikiwa kavu, nayo glaikoli hupelekwa kuchemshwa hata maji yatoke, kisha hurudishwa mnarani kuanza kazi upya.

Kutoka kisiwani gesi huingia katika bomba la inchi 12 lililolazwa chini ya bahari kwa kilometa 25 hata Somanga Fungu, na kutoka hapo hushika bomba la inchi 16 la nchi kavu, kilometa 207, hata Ubungo, likiwa na tawi la kwenda kiwanda cha saruji cha Wazo Hill. Bomba la baharini si chuma kitupu. Aghlabu huvishwa kwanza ngozi ya kuzuia kutu, kisha koti zito la zege, kwa kuwa bomba lililojaa gesi ni jepesi na bila uzito huo lingeinuka na kuchukuliwa na mkondo. Na mwilini mwake hufungwa vipande vya zinki au alumini, ambavyo maji ya chumvi huvila badala ya chuma, navyo vikiisha hubadilishwa. Ndani yake, mara kwa mara, hupitishwa chombo kinachosukumwa na gesi yenyewe, kikisugua uchafu na kupima unene wa chuma njiani. Na kwa kuwa gesi haina harufu, kabla ya kufika kwa watumiaji hutiwa dawa yenye uvundo mkali, ili ikivuja pua ya mtu iwe mlinzi wa kwanza. Julai 2004 gesi hiyo ikafika Ubungo, ikawa umeme, na kiwanda cha Wazo kikaanza kuitumia kupikia saruji.

Njia ya pili ni kubwa zaidi. Bomba la inchi 36 linalotoka Madimba, Mtwara, hata Kinyerezi, Dar es Salaam, pamoja na tawi jipya la baharini kutoka Songo Songo linalokutana nalo Somanga, jumla ya kilometa takriban 540, lilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na Rais Jakaya Kikwete akalizindua Oktoba 2015. Lakini kabla bomba hilo halijakamilika, Mtwara ilipita katika huzuni ambayo haifai kusahauliwa. Mwezi wa Januari, na tena Mei 2013, watu walitoka barabarani wakisema kwamba gesi haitoki Mtwara. Majengo yakachomwa, askari wakaletwa, na roho za watu zikapotea. Sikubaliani kamwe na kuchoma wala kuua; ila naona kwamba swali lililokuwa chini ya ghasia zile lilikuwa swali la haki, maana watu wa kusini, waliokaa miaka mingi wakingoja barabara, umeme na viwanda, waliliona bomba likielekezwa Dar es Salaam, nao hawakuwa wameelezwa kwa ukamilifu ni nini kitakachobaki kwao. Swali lao lilikuwa la njia. Lingeulizwa na kujibiwa mezani mapema, lisingefika barabarani.

Mbali zaidi na pwani iko hazina iliyo kubwa kuliko hizo zote. Kuanzia 2010 meli za kuchimba zilifika penye kina kirefu cha bahari, mbele ya Lindi na Mtwara. Waliochimba vitalu namba 1, 3 na 4, BG ya Uingereza na Ophir, walivipa visima vyao majina ya viumbe vya bahari, Pweza, Chewa, Chaza, Jodari na Papa. Wale wa kitalu namba 2, Statoil ya Norway ambayo sasa yaitwa Equinor, pamoja na ExxonMobil ya Marekani, wakachagua viungo, Zafarani, Lavani, Tangawizi na Mdalasini. Hesabu ya serikali ni kwamba gesi yote iliyogunduliwa nchini yafikia futi za ujazo trilioni 57.54, na kati ya hizo trilioni 47.13 zi katika kina hicho kirefu. Kisima cha Zafarani kilichimbwa mahali ambapo maji peke yake yana kina cha zaidi ya mita 2,500. Hapo hapana nuru, baridi hukaribia ile ya barafu, na hapana mzamiaji awezaye kufika. Kila vali na kila kiungo cha bomba sharti kifungwe na mashine inayoongozwa kwa waya kutoka melini, kisha gesi ivutwe kiasi cha kilometa 100, ikipanda miteremko ya bahari, hata ifike nchi kavu.

Hapo ndipo inapoingia tofauti kati ya njia za ulimwengu. Norway huipeleka gesi yake Uingereza kwa bomba la Langeled, lenye kilometa 1,166 chini ya Bahari ya Kaskazini, kwa kuwa mnunuzi tajiri yu ng'ambo ya pili na bahari yenyewe si ya kina kirefu. Sisi ng'ambo yetu ni Bahari ya Hindi nzima. Hivyo gesi ya kwenda Asia sharti ipozwe hata nyuzi 162 chini ya sifuri, igeuke kimiminika na kupungua ujazo mara 600, ndipo ipakiwe katika meli maalumu. Kiwanda cha kazi hiyo kimekusudiwa kujengwa Likong'o, Lindi, na gharama yake imetajwa kuwa dola za Marekani bilioni 42. Mkataba wa awali ulitiwa saini Dodoma Juni 2022, na mazungumzo ya mkataba kamili yamechukua miaka. Jirani zetu wa Msumbiji, kwa meli ya Coral Sul ambayo ni kiwanda kinachoelea juu ya visima vyake, walisafirisha shehena yao ya kwanza Novemba 2022. Nao ndugu zetu wa Oman walitangulia wote: Qalhat, karibu na Sur, bandari ambayo Ibn Battuta aliiona katika karne ya 14 muda mfupi baada ya kuitembelea Kilwa, tangu 2000 hupokea gesi kwa bomba kutoka jangwani na kuipakia melini. Mji uliokuwa magofu umepata tena njia, kwa sababu palikuwa na watu walioikusudia na kuimaliza.

Turudi Tanga. Kaskazini ya mji, katika rasi ya Chongoleani, ndipo unapoishia mradi wa bomba la mafuta ghafi litokalo Kabaale, Hoima, nchini Uganda, kilometa 1,443, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Agosti 2017. Watu wengi huchanganya bomba hilo na gesi, na yafaa kuyapambanua. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, nayo yakipoa huganda. Kwa hiyo bomba lake huvishwa blanketi la kuhifadhi joto na kupashwa moto njia nzima, na mafuta yenyewe hayakusudiwi kutumika Tanga, bali kupakiwa melini na kwenda zake. Gesi ni kitu kingine. Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi, Tanzania na Kenya zilitia saini makubaliano juu ya bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hata Mombasa. Na atazamaye ramani ataona kwamba mkoa wa Tanga umekaa katikati ya miji hiyo miwili.

Tanga ina kazi ya kuipa gesi hiyo. Saruji ya Pongwe hupikwa kwa makaa ya mawe yasafirishwayo kutoka mbali, na chokaa ya mkoa huu nayo yataka moto usiokatika. Wako wakaanga samaki wa soko la Deep Sea na wa vijiji vya Tongoni: karai la mafuta juu ya mafiga, kuni zimechomekwa pande tatu, mwanamke akizivuta nje moto unapozidi na kuzisukuma ndani unapofifia, moshi ukimfuata kila aendako, na sehemu ya faida ya siku ikienda kwa muuza kuni kabla hajajua ya watoto wake ni kiasi gani. Kuni hizo aghlabu ni za mbali, na mara nyingine ni mikoko, ambayo ndiyo malezi ya samaki wachanga. Mwenye kuikata anapunguza samaki wa kesho ili akaange wa leo. Na bahari hii yenyewe ni amana, maana tangu 2009 imetengwa humo Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, kwa ajili ya samaki ambaye walimwengu walidhani alitoweka miaka milioni 65 iliyopita, hata alipovuliwa Afrika Kusini 1938, kisha akanaswa katika nyavu za wavuvi wa Tanga pia. Bomba lolote litakalopita pwani hii sharti liwaheshimu viumbe hao na wavuvi wanaowategemea.

Hapa pana jambo ambalo msomaji asidanganyike nalo. Gesi ya mitungi ipikiwayo majumbani si gesi ya Songo Songo. Ni propani na butani, na yetu huagizwa kutoka ng'ambo, kwa kuwa gesi ya Songo Songo ni methani karibu yote na haina cha kutosha kujaza mitungi. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya watu kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mitungi itabeba sehemu kubwa ya kazi hiyo vijijini. Bali gesi ya bomba huanza na viwanda, hospitali, shule na masoko, mahali penye moto mkubwa wa kila siku, kisha ndipo hufika majumbani, kama ilivyoanza kufika katika nyumba chache za Mikocheni, Lindi na Mtwara.

Kadhalika msomaji asidhani kwamba bomba likipita kijijini kwake, gesi imefika. Bomba kubwa hubeba gesi kwa mgandamizo wa makumi ya mara kuliko ule wa hewa tunayoivuta, na hakuna awezaye kutoboa tundu na kuwasha jiko. Kila mahali pa kutolea gesi pahitaji kituo cha kuipunguza nguvu, kuipima na kuitia harufu, na mahali hapo sharti pawekwe katika michoro tangu mwanzo, kwa kuwa kuongeza toleo katika bomba ambalo tayari limejaa gesi ni kazi ya gharama na hatari. Bomba la Dar es Salaam hata Mombasa laweza kuchorwa lipite Tanga kama mgeni apitaye usiku, au laweza kuchorwa likiwa na matoleo Pangani, Muheza na Tanga mjini; tofauti ya njia hizo mbili ni mistari michache ya kalamu leo, na ni maisha ya kizazi kizima kesho.

Kwa hiyo nawausia madiwani, wenye viwanda, viongozi wa vijiji na wabunge wa mkoa huu waulize sasa, kabla ya wapima ardhi kuja na vigingi vyao: matoleo yatakuwa wapi na mangapi, mkuza wa bomba utapita mashamba ya nani, na fidia italipwa kwa kipimo gani na kwa wakati gani, vijana wa Tanga watafundishwa lini uchomeleaji na ukaguzi wa bomba, maana kazi hizo hazingoji mtu ajifunze siku ya kuajiriwa, na halmashauri zitapata nini, kama Kilwa ipatavyo ushuru wa huduma kutokana na gesi ya Songo Songo. Waulize pia gesi yenyewe itatoka wapi na kwa miaka mingapi, kwa kuwa kila kisima huzeeka, mgandamizo wake hushuka mwaka hata mwaka, na ahadi ya bomba isiyokuwa na kisima nyuma yake haina maana. Kuuliza maswali haya si kuipinga serikali wala si kumchukia jirani wa Mombasa, ambaye naye astahili neema hii. Ni wajibu wa raia mwenye akili timamu. Songo Songo ilikaa miaka 30 kwa kukosa njia, na Mtwara iliumia kwa sababu njia ilichorwa kabla watu wake hawajasikilizwa. Sisi wa Tanga tumeyaona yote mawili, na hatutakuwa na udhuru tukinyamaza hata michoro ikaisha.